Ndege Isiyokuwepo Iliyomleta Mchumba Wangu

Kwa zaidi ya mwaka mzima mchumba wangu alikuwa akija kuniona kwa ndege ambayo haipo.

Sisemi ilikuwa mbovu. Sisemi ilikuwa ikichelewa. Nasema haipo. Haijawahi kupaa, haijawahi kutua, haina hata rangi.

Na mimi nilikuwa nakwenda uwanjani kuipokea.

Nasimulia haya kwa idhini ya shangazi yangu, ambaye ametoa sharti moja tu: nisimtaje jina, kwa sababu mtaani bado ana heshima zake. Mwenye kucheka acheke, ila asicheke kwa sauti, mambo yenyewe bado mabichi.

Nianze na kazi yangu, maana ndiko balaa lilikozaliwa.

Nilipomaliza chuo niliajiriwa na kampuni inayouza tiketi za ndege mtandaoni. Watu wakisikia hivyo wanadhani navaa skafu shingoni na kuwapungia abiria. Wapi. Nakaa chumba cha nyuma, dirisha linatazama tangi la maji la jirani, naandika kurasa za tovuti.

Kurasa zenyewe ni za aina moja tu. Kutoka mji huu hadi mji ule ni kilomita ngapi, na kwa ndege ni muda gani.

Kama umewahi kuiuliza simu yako swali hilo nayo ikakujibu bila kusita, huenda ulikuwa unanisoma mimi. Samahani.

Mimi mwenyewe sijawahi kupanda ndege. Mkubwa wetu hakuliona hilo kuwa tatizo. Tulimwita Kapteni, kwa sababu anavaa miwani ya jua ndani ya nyumba na kila kikao anakifungua kwa kusema, "Jamani, tunapaa." Kama yeye amewahi kupanda, sijui. Hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Kapteni ndiye aliyenifundisha hesabu ya kazi. Unachukua ramani, unavuta mstari ulionyooka kutoka mji mmoja hadi mwingine, unagawanya kwa mwendo wa ndege, unaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Basi. Ukurasa umeiva.

Ila alikuwa mkali kwenye jambo moja.

"Usiandike saa moja na robo," aliniambia. "Msomaji atadhani umekisia. Andika saa moja na dakika kumi na nane. Atadhani ulikuwemo."

Majina ya miji aliniletea yeye kila Jumatatu. Nilidhani anayapata chumba cha mbele, wanakouza tiketi. Sikuuliza. Mimi ni mtu ambaye nikikanyagwa mguu, naomba radhi kwa kuuacha mguu wangu njiani.

Sasa nije kwa mchumba.

Mchumba wangu ni fundi wa majokofu, na wote tunamwita Fundi. Tulikutana alipokuja kutengeneza jokofu la kantini ya chuo chetu. Nilikuwa nimesimama pale na kikombe, kiu imenishika, naona aibu kuuliza. Akatoa kichwa ndani ya jokofu, uso wote vumbi, akasema, "Dada, maji baridi hayajazaliwa. Lakini ya moto yapo, nikumiminie?"

Nilikunywa maji ya moto siku ile na sikuyasikia moto.

Baadaye alipata kazi kwenye kiwanda cha maziwa, mji mwingine kabisa. Mbali. Tukawa watu wa simu. Kila tukizungumza juu ya kuonana tunaishia kuvuta pumzi.

Halafu Jumatatu moja, kati ya miji aliyoniletea Kapteni, nikaona mji wangu na mji wa Fundi imekaa pamoja kama bibi na bwana.

Huo ukurasa niliuandika kwa moyo wangu wote. Nilipiga hesabu mara tatu. Kwa mstari ulionyooka, kilomita mia sita na arobaini. Kwa ndege, saa moja na dakika kumi na nane.

Kapteni akausoma, akavua miwani, akairudisha. Akasema ukurasa huo niuwekee jina langu chini. Ulikuwa wa kwanza kubeba jina langu.

Nikamtumia Fundi hapo hapo. Nikamwandikia kwamba kumbe hatuko mbali kama tulivyodhani, kwamba ndege ni saa moja na dakika kumi na nane tu, na kwamba aliyeandika ni mimi, ashuke chini aone jina.

Alikaa siku mbili bila kujibu.

Kisha akajibu: "Umeandika vizuri sana, Mwandishi. Basi nitakuja kwa ndege."

Tangu siku hiyo akawa ananiita Mwandishi. Na tangu siku hiyo akaanza kuja.

Alikuwa ananitumia ujumbe: naingia ndani, nazima simu. Mimi naitazama saa, nahesabu muda wangu niliouandika kwa mkono wangu, nachukua pikipiki hadi uwanja wa ndege, nasimama kando ya nguzo kwa sababu kusimama katikati ya watu kunanitoa jasho.

Jambo moja lilikuwa la ajabu. Hakuwahi kutokea kwenye mlango wa wanaowasili. Nitaukodolea macho mlango ule mpaka shingo iume, halafu naguswa bega kwa nyuma.

Mara ya kwanza nilimuuliza kapita wapi. Akasema kuna mlango wa pembeni, asiye na mzigo mkubwa anapitishwa huko.

Nikaona hayo ni maarifa. Kesho yake nikayaweka kwenye tovuti: "Dondoo kwa msafiri: kama huna mzigo mkubwa, uliza mlango wa pembeni."

Haukupita mwezi, askari wa uwanja akabandika karatasi ukutani. HAKUNA MLANGO WA PEMBENI. MSIULIZE.

Nilimhurumia yule askari. Kufanya kazi mahali miaka yote na usipajue.

Dalili nyingine nazo zilikuwepo, sema nilikuwa na elimu ya kuzieleza. Miguu yake ilikuwa inavimba. Nilishaandika ukurasa kuhusu miguu kuvimba angani, nikaridhika. Shati lilikuwa linanuka dizeli. Nikasema ndege nayo si injini? Chakula kikiwekwa mezani anasinzia na kijiko mkononi. Nikasema ni uchovu wa anga.

Siku moja akamletea shangazi yangu feni. Feni ya kusimama, na mguu wake.

Shangazi ndiye aliyenilea. Ni mama mwenye mwili wake na sauti yake, magoti yamemchoka lakini ulimi bado mzima. Aliizunguka ile feni kama anayekagua ng'ombe wa kununua.

"Na hii nayo ilikaa kiti cha dirishani?"

"Iliwekwa nyuma, Shangazi."

"Nyuma wapi? Kwani ndege siku hizi ina keria?"

Nilicheka sana. Fundi naye alicheka, ila akaomba maji.

Basi ikafika siku Fundi akasema anataka kunioa. Alisema mbele ya Shangazi, amekaa ukingoni mwa kochi, mikono magotini. Shangazi akamsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwa upole kwamba yeye hana neno na mtu, ila hajawahi kununua hata kitenge bila kukikunjua. Atakwenda mwenyewe huko kwa Fundi. Ataona nyumba, ataona mama, ataona choo. Akiridhika, ndoa ipo. Asiporidhika, tutabaki kuamkiana.

Fundi akasema karibu sana Shangazi, ila njia ni ndefu.

"Ndefu nini?" Shangazi akamkata. "Huyu mwanangu ameandika mwenyewe, saa moja na kitu. Kwa basi sipandi, magoti yangu hayakunji usiku kucha. Nitapanda hiyo ndege yako."

Nilimtazama Fundi nikitabasamu. Fundi alikuwa anaitazama feni.

Kufikia Jumapili Shangazi alikuwa ameshanunua sanduku la magurudumu na mtaa mzima unajua anapaa. Aliulizwa kama haogopi. Alijibu kwamba wa kuogopa ni ndege.

Mimi nikaenda chumba cha mbele kumkatia tiketi.

Kule mbele anakaa dada mmoja, kucha ndefu, simu mbili, tulimzoea kwa jina la Dada wa Tiketi. Vyumba vyetu vimetenganishwa na ukuta wa mbao tu, lakini hatukuwa na kawaida ya kutembeleana. Nyuma wanaandika, mbele wanauza. Nilimtajia safari ninayoitaka. Akanikazia macho kama anayengoja nimalizie utani.

"Kule?" akasema. "Mdogo wangu, kule wanaotua ni kunguru."

Nikamwambia si kweli, ndege ipo, ni saa moja na dakika kumi na nane.

"Nani kakwambia?"

Nilitaka kusema tovuti yetu. Nikajizuia, kwa sababu hapo hapo nilianza kuona kilichotokea. Hata hivyo nikajitetea kwa silaha yangu kubwa. Nikamwambia mchumba wangu anakuja nayo kila mara.

Dada wa Tiketi akaweka simu zote mbili chini.

"Basi labda anakuja na ungo."

Sikucheka. Akaona sicheki. Akapunguza sauti, akasogeza kiti, akanieleza kwa huruma ambayo iliniuma kuliko kejeli. Kwamba hakuna ndege, haijawahi kuwepo, na hakuna mtu aliyewahi hata kuiulizia. Kwamba mwanamume anayekuja kwa ndege isiyokuwepo hatoki mbali, anatoka mtaa wa pili. Na kwamba kwenye huo mtaa wa pili, ukibisha hodi, anafungua mwanamke na mtoto mgongoni.

Nilirudi kwenye dawati langu nikalitazama tangi la maji.

Mtu jasiri angempigia simu. Mimi nilimwandikia ujumbe: "Usiku mwema, Fundi, ule vizuri."

Na sikulala.

Jumamosi iliyofuata alikuwa anakuja kumchukua Shangazi, kama walivyopanga, "wapande pamoja" kesho yake. Nikaamua kitu ambacho sijawahi kukifanya maishani. Nikaamua kumvizia mtu.

Nilifika uwanjani mapema sana, kabla hajanitumia ule ujumbe wa kuzima simu. Sikwenda kwenye nguzo yangu. Nilikwenda kwenye maegesho ya teksi, nikajibanza nyuma ya gari dogo la hoteli. Nilikuwa nimejiandalia maneno. Yote nikayasahau.

Mchana ukiwa umekolea, pikipiki ikaingia. Aliyebebwa nyuma alikuwa Fundi wangu.

Alishuka kama mzee. Alisimama kwanza akashika kiuno, kisha akatembea kuelekea bomba wanakooshea magari, anavyokanyaga ungedhani viatu si vyake. Shati lilikuwa jekundu kwa vumbi.

Madereva wa teksi walipomuona, walimsogelea kama ndugu.

"Rubani," mmoja akasema, "leo umechelewa kutua."

"Upepo ulikuwa wa mbele," Fundi akajibu, akivua viatu.

"Abiria wote salama?"

"Kuku mmoja alifia njiani."

Wakacheka. Mmoja akamshikia begi, mwingine akamfungulia bomba. Fundi akanawa uso, akanawa shingo, akaenda nyuma ya gari akabadilisha shati. Akatoka ananukia. Ilikuwa kazi ya watu waliozoeana, kila mtu anajua zamu yake.

Kisha akauliza, "Shemeji yenu amefika?"

"Bado. Nguzo yake iko tupu. Leo ingia taratibu, usimshtue."

Mtu anayetoka kwa mke wa mtaa wa pili havimbi miguu namna ile. Hata mimi, kwa ushamba wangu wote, nililijua hilo. Nikatoka nyuma ya gari.

 Dereva mmoja akajifanya anakagua tairi.

"Fundi," nikasema. "Umetoka wapi?"

Alinitazama. Akaitazama nguzo yangu kule mbali, kama anayeangalia kama bado inawezekana nikawa kule. Kisha akakaa kwenye boneti ya teksi, akakubali.

"Nimetoka kwenye basi," akasema. "Nimelipanda jana alasiri."

Barabara, alinieleza, haiendi kama mstari wangu. Inazunguka milima, inashuka, inapanda, inasubiri kivuko, inasubiri dereva ale. Usiku kucha na nusu siku. Safari zote alikuja hivyo.

"Sasa kwa nini uniambie ndege?"

"Kwa sababu wewe ndiye uliyeniambia ndege."



Akanisimulia. Alipoupata ule ukurasa wangu aliusoma mara nyingi, akashuka chini akaliona jina. Siku ile ile akaenda uwanja wa ndege wa mjini kwao kukata tiketi. Pale akamkuta mlinzi ameanika nguo kwenye uzio. Akamuuliza ndege ya huku kwetu inaondoka saa ngapi. Mlinzi akamwomba arudie swali. Kisha akamwita mkewe kutoka ndani, aje naye alisikie.

"Nilikaa siku mbili nawaza," Fundi akasema. "Nikimwambia, ataumia. Ndiyo kwanza wamempa kuweka jina lake. Labda hata kazi itaota mbawa. Nikaona bora mtu mmoja achoke kuliko mwingine aaibike. Nikapanda basi."

"Safari zote hizo?"

"Ya kwanza ndiyo ilikuwa ngumu. Baadaye nikazoea kutua."

Nililia. Mimi hulia upesi, hata tangazo la sabuni hunitoa machozi, lakini siku ile nililia kwa haki. Dereva mmoja akaniletea kitambaa cha kufutia vioo.

Nilipoweza kusema, nikamuuliza kuhusu mlango wa pembeni.

"Huo niliutunga mwenyewe," akasema. "Sikuwa na pengine pa kutokea."

Nikamwambia niliuandika kwenye tovuti. Kwamba watu wanautafuta mpaka leo.

Fundi akageuza shingo taratibu, akaisoma ile karatasi ya askari pale ukutani. Akaweka mikono usoni. Mabega yakaanza kutikisika, nami nikashindwa kujizuia. Tulicheka mpaka yule askari mwenyewe akaja kuuliza kama tumepotea njia.

Kicheko kiliisha tulipomkumbuka Shangazi. Fundi akakiri kwamba kesho yake angempandisha nini, alikuwa bado hajui.

Tulimkuta sebuleni, sanduku liko mlangoni, majirani wawili wamekuja kumuaga. Tukasubiri waondoke. Fundi alitaka kusema yeye. Nikamzuia. Nikasema mimi, kila kitu, nikiwa nimetazama sakafu.

Shangazi hakunikatisha hata mara moja. Hilo lilinitisha.

Nilipomaliza, akanyoosha kidole kwangu.

"Ngoja nielewe. Ndege aliitunga nani?"

"Mimi, Shangazi. Lakini sikujua."

"Basi alipanda nani?"

"Fundi."

"Na aliyeuambia mtaa mzima kwamba anapaa ni nani?"



Akaanza kusugua magoti. Nilijua kinachopimwa. Shangazi akisema haendi, nyumba haitaonwa, na nyumba isipoonwa hakuna ndoa. Alikuwa ameyasema mbele ya watu, na neno lake halirudi nyuma.

"Nitakwenda," akasema mwishowe. "Kwa hilo hilo basi. Tena nina sababu zaidi. Mwanzo nilikuwa nakwenda kuwachunguza. Sasa nakwenda kuwaonya. Si haki mama wa watu amchukue binti bila kuambiwa kasoro zake."

Kesho yake majirani walimsindikiza hadi kwenye teksi, wakamtakia heri ya angani. Shangazi akawapungia mkono kama rais. Teksi ilipokata kona, ikaelekea stendi ya mabasi.

Fundi alimkalisha kiti cha mbele, akamwekea sanduku chini ya miguu. Nilibaki nimesimama pale mpaka basi likapotea. Posa yangu ilikuwa imepakiwa ndani ya basi lile, pamoja na ulimi wa Shangazi.

Siku zile za kusubiri sikuweza kukaa. Jumatatu nilimfuata Kapteni nikamwambia kwamba ule ukurasa ni uongo. Ndege haipo.

Akanitazama kupitia ile miwani.

"Mimi nilikwambia uandike muda wa ndege," akasema. "Nilikwambia uandike kwamba ndege ipo?"

Nikamuuliza majina ya miji anayapata wapi. Akanionyesha ramani ukutani. Anachagua, alisema, ile inayopendeza kutamka.

Nilirudi nyuma, nikaufungua ukurasa wangu, nikaandika juu kabisa: "Ndege haipo. Panda basi, vaa viatu vilivyolegea, usiku kuna baridi milimani." Jina langu nikaliacha pale pale. Nilingoja kufukuzwa. Hakuna aliyekuja. Baadaye kidogo msomaji mmoja aliandika chini yake kushukuru, na Kapteni akamjibu, "Karibu sana, sisi ndivyo tulivyo."

Shangazi alirudi siku ya tano.

Nilimpokea stendi.  Nyumbani akaomba beseni la maji ya vuguvugu na chumvi, akaingiza miguu, akafumba macho. Feni inamzungukia.

"Nyumba nimeiona," akaanza. "Paa linavuja kwenye korido, lakini ameweka ndoo, na ndoo ni safi. Choo kinafaa. Mama yake ni mtu, anacheka vizuri. Nikamweleza habari zako zote, sikubakiza. Kwamba umetangaza ndege isiyokuwepo dunia nzima ikasoma, na kwamba mwanawe, kwa kukuonea huruma, amekufa na mabasi mwaka mzima ili usiaibike."

"Akasemaje?"

"Alicheka mpaka akashika ukuta."

Sikuelewa kinachochekesha.

Shangazi akafumbua jicho moja. "Akaniuliza, 'Amekwambia hivyo? Kwamba amepanda basi kwa huruma?' Nikasema ndiyo. Akasema, 'Dada yangu, huyu mwanangu anaogopa juu tangu anatambaa. Mpaka leo akipanda ngazi kubadilisha taa, mimi ndiye ninayeishikilia ngazi na yeye ndiye anayelia. Hata ndege ingekuwepo, na tiketi akapewa bure, na rubani akawa baba yake mzazi, asingepanda.'"

 

Nilikwenda chumbani nikampigia Fundi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliuliza swali bila kuomba radhi kwanza.

"Mama amesema hivyo?" akauliza.

"Amesema."

"Mbele ya Shangazi?"

"Akiwa ameshika ukuta."

Nikasikia anavuta pumzi. "Mwandishi, huruma nilikuonea, na hilo si uongo. Zile siku mbili niliwaza kweli. Lakini mlinzi aliponiambia kwamba ndege haipo..." Akakohoa. "Mlinzi aliponiambia haipo, nilimshukuru Mungu kwanza. Huruma ilikuja nikiwa njiani kurudi nyumbani."

Nilirudi sebuleni sijui nikae au nisimame. Nikamuuliza Shangazi, basi uamuzi ni upi.

Akatoa mguu mmoja kwenye beseni, akaukausha polepole.

"Uamuzi gani tena? Mwongo na mwongo mwenzake. Oaneni ninyi kwa ninyi, msije mkaharibu nyumba mbili."

Ndoa ni mwezi ujao. Harusi itafanyika huku kwetu, kwa sababu Shangazi ameapa hapandi tena basi, na Fundi ameapa kwamba yeye ndiye atakayekuja.

Kama unataka funzo, chukua hili nililolipata mimi. Namba ikiwa kamili mno, muulize aliyeiandika kama alikuwemo. Na mtu akikufanyia wema mkubwa kupita kiasi, mshukuru, mpende, halafu nenda kamsikilize mama yake.